Kuwaandaa Wanafunzi kwa Safari ya Kupanda Mlima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na walimu, wazazi na wanafunzi wenyewe. Majibu yake yameandikwa hasa kwa ajili ya mwalimu aliyekabidhiwa msafara, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua mambo mlimani wakati kila mtu amechoka. Sehemu kubwa ya maamuzi hayo inapaswa kufanywa shuleni, wiki kadhaa kabla ya safari, watu wakiwa wameshiba na wametulia.

Tuanze maandalizi lini?

Kwa safari ya siku moja, wiki nane hadi kumi zinatosha. Kwa safari ya kulala mlimani, anza miezi mitatu au minne kabla. Chagua njia kwanza, kisha omba kibali cha uongozi wa shule na cha wanaosimamia mlima. Zifuate fomu za afya, na mwisho mazoezi. Usiwatangazie wanafunzi tarehe kabla hujajua majira ya mvua ya mlima huo. Tarehe ikishatangazwa huwa ngumu kuiahirisha, hata pale inapopaswa kuahirishwa.

Tutajuaje kama njia inawafaa wanafunzi wetu?

Ipime kwa mwanafunzi dhaifu kuliko wote katika kikundi. Wenye nguvu wasiwe kipimo chako. Halafu piga hesabu ya muda. Mwaka 1892, mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yenu ni kilomita 12 kwenda na kurudi, na ina mita 900 za kupanda. Kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24, na mita 900 ni saa moja na nusu. Jumla ni karibu saa 4.

Lakini Naismith alimpigia hesabu mtu mzima mwenye afya njema, asiyepumzika wala kufunga kamba za viatu vya mtu mwingine. Kwa kikundi cha wanafunzi ongeza angalau nusu ya muda huo, ziwe saa 6. Kisha angalia saa ya machweo na uhakikishe mnabakiwa na saa 2 za mwanga ambazo hamkuzipangia kazi yoyote. Zikikosekana, tafuta njia fupi zaidi.

Mwalimu mmoja angalau awe ameipita njia hiyo kwa miguu yake. Ramani haimwonyeshi daraja lililovunjika wala mahali ambapo jiwe linateleza mvua ikinyesha.

Saa ya kugeuza ni nini, na kwa nini mnaisisitiza sana?

Ni saa mliyoiandika kabla ya kuondoka, ambayo ikifika, kikundi kinageuza na kurudi popote kilipo, hata kama kilele kinaonekana. Mkianza saa 12 asubuhi, saa ya kugeuza inaweza kuwa saa 6 mchana. Iandike kwenye mpango wa safari, wasomee wazazi, wasomee wanafunzi, na umtaje kwa jina mtu mwenye kauli ya mwisho.

Tunaisisitiza kwa sababu mlimani akili hubadilika. Watu wamejichangisha, wamefanya mazoezi, kilele kipo pale mbele, na hakuna anayetaka kuwa yule aliyewakatisha wenzake. Mwezi Mei 1986, kikundi cha shule moja kilipanda Mount Hood katika jimbo la Oregon, Marekani. Baadhi waligeuza mapema wakarudi salama. Waliosonga mbele walizidiwa na dhoruba, wakachimba pango ndani ya theluji ili kujihifadhi. Watu 9 walifariki, 7 kati yao wakiwa wanafunzi.

Kwa hiyo fanyeni zoezi la kugeuza. Katika matembezi ya majaribio, simamisha kikundi karibu na mwisho wa njia na useme: leo tunageuza hapa. Wanafunzi watalalamika. Waache waseme, kisha mzungumze jinsi inavyouma na kwa nini itawezekana itokee tena siku yenyewe. Kikundi kilichowahi kugeuza mara moja hugeuza kwa urahisi zaidi mara ya pili. Mimi naona zoezi hili ni muhimu kuliko hata mazoezi ya miguu.

Saa si sababu pekee. Kubalianeni pia kwamba mtageuza radi ikianza kusikika, ukungu ukificha njia, mto ukifurika, au mtu akionyesha dalili za kuzidiwa ambazo hazipungui baada ya kupumzika.

Tunahitaji watu wazima wangapi?

Wasipungue watatu, hata kikundi kikiwa kidogo. Fikiria mwanafunzi ameteguka kifundo cha mguu. Mmoja anabaki naye, mwingine anashuka na kikundi, na bado anahitajika wa kutembea nyuma kuhakikisha hakuna anayeachwa. Kikundi kikubwa kigawanywe kuanzia shuleni, kila sehemu na watu wazima wake, vifaa vyake vya huduma ya kwanza na nakala yake ya mpango. Msigawane njiani kwa sababu tu wengine wana kasi.

Kama kuna wasichana na wavulana, wawepo watu wazima wa jinsia zote mbili. Angalau wawili wawe na mafunzo ya huduma ya kwanza, maana mmoja wao anaweza kuwa ndiye mgonjwa. Mwongozaji wa mlima anaijua njia, lakini hawajui watoto. Kumwajiri hakumwondolei mwalimu jukumu lake.

Fomu ya mzazi iwe na nini?

Zaidi ya sahihi ya ruhusa, iulize kuhusu magonjwa ya kudumu, mzio, dawa anazotumia mtoto na saa za kuzitumia, upasuaji au jeraha la karibuni, na namba mbili za simu za watu wanaopatikana. Iseme wazi njia mtakayopita, hatari zilizopo, saa ya kugeuza, na kwamba mtoto anaweza kurudishwa kabla ya wenzake. Mzazi aliyeelezwa hatari kwa ukweli hutoa taarifa za ukweli.

Nakala za fomu ziende mlimani ndani ya mfuko usiopitisha maji, na seti nyingine ibaki kwa mtu wa shuleni atakayekuwa karibu na simu muda wote. Mtu huyo awe na orodha ya majina, ramani, na saa ambayo ikipita bila kusikia neno, ataita waokoaji. Kama hakuna saa iliyoandikwa, atasubiri kwa matumaini hadi usiku uingie.

Mwenye pumu, kisukari au kifafa anaweza kwenda?

Mara nyingi ndiyo, kwa kibali cha daktari wake anayejua urefu wa mlima na siku mtakazokaa. Usimkatae mtoto kwa kusikia tu jina la ugonjwa. Dawa ya kuvuta ya pumu ikae mfukoni mwa mwanafunzi mwenyewe, na ya akiba kwa mwalimu. Hewa baridi na kavu huamsha pumu, kwa hiyo mwendo wa kupanda uwe wa taratibu. Mwenye kisukari ajue kwamba kutembea saa nyingi hushusha sukari. Awe na kitu cha sukari cha kula haraka, na insulini isigande wala kupata joto kali. Ibebwe karibu na mwili wakati wa baridi. Mwenye kifafa asitembee kwenye ukingo wa korongo bila mtu pembeni, na alale vya kutosha, kwani kukosa usingizi kunaweza kuleta degedege.

Mazoezi yaweje?

Kutembea, tena kutembea kwingi. Siku tatu kwa wiki, saa moja kila mara, na mwisho wa wiki matembezi marefu yanayoongezeka kidogo kidogo. Tafuteni kilima au ngazi. Wengi husahau kufanya mazoezi ya kushuka. Kupanda huchosha mapafu, kushuka huumiza magoti na mapaja, na ajali nyingi za kuteleza hutokea watu wakishuka wakiwa wamechoka. Wiki mbili au tatu kabla ya safari, fanyeni matembezi kamili ya siku nzima kwa viatu vilevile, mabegi yaleyale na uzito uleule. Siku hiyo utajua begi la nani linachanika na nani hanywi maji mpaka aambiwe.

Mchezaji hodari wa mpira si lazima awe mpandaji hodari. Huanza kwa kasi na kuishiwa nguvu katikati.

Wavae nini?

Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi. Ukiacha nyuzi 28 chini na kupanda mita 1,500, tarajia takriban nyuzi 18, kabla hujahesabu upepo na kulowa. Hivyo mavazi yawe ya tabaka: la ndani linalokauka haraka, la kati la kutunza joto, la nje la kuzuia mvua na upepo. Mtu anavua tabaka kabla hajatokwa na jasho jingi, na kuvaa mara tu anaposimama kupumzika.

Pamba isiwe ya kugusa mwili. Ikilowa hubeba maji, huchelewa kukauka na huupoza mwili. Suruali za jinzi ziachwe nyumbani kwa sababu hiyohiyo. Sufu na vitambaa vya sinthetiki hufanya kazi vizuri zaidi. Kila mmoja awe na kofia, glavu kama mlima ni mrefu, soksi za akiba na seti moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, isiyoguswa mpaka itakapohitajika. Kofia na mafuta ya kukinga jua havihusiani na joto: miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, hata siku yenye baridi.

Viatu viwe na soli yenye meno, viwe vimevaliwa kwa wiki kadhaa, na viache nafasi ya kidole gumba kisigonge mbele wakati wa kushuka. Kucha za miguu zikatwe. Mwanafunzi akihisi mahali panapowaka ndani ya kiatu, asimame saa hiyohiyo abandike plasta. Malengelenge yakishajaa maji, plasta ni ya kutuliza tu. Wafundishe kusema mapema bila kuona aibu.

Kila mmoja pia abebe tochi ya kichwani na filimbi. Tochi ni kwa wote, hata kwa safari ya mchana.

Vipi mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hawawezi kununua vifaa hivi?

Shule ijenge akiba ya vifaa vya kuazima na kuvigawa kimyakimya, bila kuita majina mbele ya darasa. Koti la mvua la kuazima linafaa sawa na jipya. Mkusanye yale ambayo ndugu wakubwa wamekua nayo yakawabana. Kama vifaa vya lazima havitoshi kwa wote, punguzeni urefu wa safari au mchague mlima mdogo. Kumruhusu mtoto apande na viatu vya kuteleza ili asijisikie vibaya si huruma, na kumwacha nyumbani kwa sababu ya koti ni kumnyima kitu ambacho shule ingeweza kumtafutia.

Begi liwe na uzito gani?

Lisizidi moja ya tano ya uzito wa mwanafunzi, na kwa safari ya siku moja liwe pungufu ya hapo. Mwenye kilo 45 asibebe zaidi ya kilo 9. Pimeni kwa mizani, msikadirie kwa kunyanyua. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, na mkanda wa kiunoni ufungwe ili uzito ushuke kwenye nyonga.

Maji na chakula?

Kadiria nusu lita ya maji kwa saa ya kutembea, zaidi kukiwa na jua kali. Mkojo wa njano iliyokolea ni dalili kwamba maji hayatoshi. Ukitumia maji ya mto yachemshe: yakitokota dakika moja yanatosha, lakini juu ya mita 2,000 yaache dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Chakula kiwe kinacholika bila kupikwa na kinachozoeleka kwa mtoto. Wale kidogo kila baada ya saa moja badala ya kusubiri mlo mmoja mkubwa. Akiba ya mlo mzima ibaki hadi mtakaporudi chini.

Ugonjwa wa mwinuko unaanzia wapi?

Kwa kawaida juu ya mita 2,500. Kiasi cha oksijeni hewani hakibadiliki, ni karibu asilimia 21 kila mahali, ila mgandamizo wa hewa hupungua, na kila pumzi inaleta oksijeni chache. Katika mita 5,500 mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari. Dalili ni kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida. Nguvu za mwili hazimkingi mtu. Kijana mwenye misuli anaweza kuugua na mwembamba aliye pembeni yake akawa mzima.

Kinga kubwa ni kupanda polepole. Mkishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pumzikeni siku moja. Dawa ya kusaidia mwili kuzoea ipo, lakini ni ya kuandikiwa na daktari. Mwalimu asiigawe.

Kanuni yenyewe ni hii. Mwenye dalili asipande zaidi. Dalili zikizidi, ashuke, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya kidole. Akiyumba, ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa, akikohoa mapovu au midomo ikiwa ya bluu, mapafu yanajaa maji. Hali zote mbili huua kwa haraka, na tiba ya kwanza ni kushuka huku mkiita msaada.

Wanafunzi huficha dalili kwa kuogopa kurudishwa. Ndiyo maana kila asubuhi na jioni muulize kila mmoja kwa faragha, na mmuulize pia rafiki yake.

Baridi inaweza kumuua mtu hata pasipo na theluji?

Inaweza. Mvua, upepo na uchovu vinatosha kushusha joto la mwili chini ya nyuzi 35, na hapo hatari inaanza. Mwanzoni mtu hutetemeka, hujikwaa, hujibu kwa kuvuta maneno na hukasirika ovyo. Akiacha kutetemeka huku bado kuna baridi, msidhani amepona. Amezidiwa. Mkingeni na upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mtandikieni kitu chini kwa sababu ardhi hunyonya joto, na kama anameza vizuri mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu.

Novemba 1971, kwenye uwanda wa juu wa Cairngorms, Uskoti, wanafunzi watano na kiongozi msaidizi aliyekuwa katika mafunzo walikufa kwa baridi baada ya kunaswa na dhoruba. Walikuwa sehemu ya msafara uliokuwa umegawanywa, na kibanda walichotarajia kujihifadhi hawakukifikia. Mpango wenu usitegemee mahali pamoja pa kujisitiri. Bebeni turubai au hema la dharura linaloingiza kikundi chote.

Radi ikianza?

Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, mko katika hatari tayari. Shukeni kutoka kilele na kingo za mlima, kaeni mbali na mti uliosimama peke yake na mapango yenye mdomo mfupi, na muachane nafasi ili radi moja isiwapige wote. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Milima mingi huwa na radi zaidi mchana na jioni, sababu nyingine ya kuanza alfajiri.

Wenye kasi wanachoka kusubiri. Tuwafanyeje?

Waliochelewa watembee karibu na mbele, nyuma ya mwongozaji, na wenye nguvu wabebe sehemu ya mizigo yao. Mwendo unaofaa ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Jambo moja baya sana hufanywa na vikundi vingi: wa mbele wanasubiri, wa nyuma anafika akihema, na papo hapo wa mbele wanaondoka. Aliyekuwa anahitaji kupumzika kuliko wote ndiye asiyepumzika. Mapumziko yaanze kuhesabiwa pale wa mwisho anapoketi.

Wahesabuni kwenye kila njia panda. Kila mwanafunzi awe na mwenzake, na wawili hao wasiachane hata wakienda haja.

Mwanangu anaogopa kuwa wa mwisho na kuchekwa. Nimwambieje?

Mzazi, mwambie mapema kwamba kikundi kimepangwa kwa mwendo wake, kisha umuulize mwalimu kama ni kweli. Mwalimu aliyejipanga atakuonyesha hesabu.

Mwanafunzi akipotea afanye nini?

Akae pale alipogundua kwamba amepotea, avae nguo zote alizo nazo, apulize filimbi. Ishara ya kimataifa ya kuomba msaada mlimani ni mipulizo 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha tena. Anayejibu hupuliza mara 3. Usiku ishara ni ileile kwa tochi. Fanyeni zoezi hili uwanjani. Simu isitegemewe, maana mtandao hukatika na baridi humaliza chaji.

Choo na hedhi vitakuwaje mlimani?

Zungumzeni waziwazi kabla ya safari, wasichana wakiwa na mwalimu wa kike. Pasipo na choo, chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji na njia, kisha mfukie. Pedi zilizotumika hazifukiwi. Zirudi chini ndani ya mfuko usiopenya mwanga. Mwalimu awe na pedi za akiba nyingi, kwa sababu safari na uchovu vinaweza kubadilisha siku za hedhi. Msichana asiyekunywa maji kwa kukwepa kwenda haja atazidiwa na uchovu kabla ya wengine, na kosa litakuwa la waliopanga.

Tukisharudi, kuna cha kufanya?

Ndani ya siku tatu kaeni na wanafunzi. Waulize walipoogopa, walipotaka kurudi wakanyamaza, na kifaa gani hakikufanya kazi. Rekodi kila tukio lililokaribia kuwa ajali. Andika pia muda halisi mliotumia kwenye kila kipande cha njia, pamoja na mapumziko, na uuweke kando ya makadirio yenu. Mwalimu atakayepanga safari ijayo atakuwa na mwendo wa wanafunzi wa shule yenu wenyewe wa kupigia hesabu.